Barua pepe iingie papo hapo: namna ya kupanga simu yako, kutoka Lubumbashi

Yaya yangu, yaani ndugu yangu mkubwa, ni wakala wa forodha. Kazi yake ni kupitisha mizigo Kasumbalesa, kwenye mpaka wa Zambia, na lori likilala mpakani usiku mmoja zaidi, kuna mtu anayelipa. Asubuhi moja mteja alimtumia ankara iliyosahihishwa saa 2:05. Yaya alikuwa na simu mkononi tangu alfajiri: anapiga, anapigiwa, anajibu WhatsApp. Ile ankara aliiona saa 5 kasoro robo, alipofungua barua pepe mwenyewe kutafuta namba nyingine kabisa. Alipofungua tu, barua sita zikamwagika kwa pamoja.

"Ni mtandao," akaniambia. Hapa Lubumbashi kila mtu husema hivyo, na kuna siku ni kweli. Lakini WhatsApp yake ilikuwa inaingia asubuhi nzima, na barua zilishuka sekunde ileile aliyofungua programu. Mtandao ulikuwepo. Simu ndiyo iliyokuwa imeamriwa kunyamaza, na amri zilikuwa zaidi ya moja: moja ya kuokoa betri, nyingine ya kuokoa mega za intaneti, nyingine imo ndani ya akaunti yenyewe. Kila moja iliwekwa kwa nia njema. Zikikutana zote, barua inalala.

Nina meza ya fotokopi na kazi za simu, na watu wanaoniletea tatizo hili ni wengi kuliko wanaoleta skrini zilizovunjika. Kijana anayengoja jibu la kazi kwenye mgodi, mwanafunzi anayengoja barua ya chuo, mama anayeuza vitambaa na kuletewa orodha ya bei kutoka nje. Hao wote saa moja kwao ni kitu. Kwa hiyo naandika hapa kila ninachofanya, kwa mpangilio ninaoufuata. Simu nyingi kwetu ziko katika Kifaransa, basi majina ya vitufe nayaacha katika Kifaransa kama utakavyoyaona. Jina likitofautiana kidogo kwenye simu yako, fungua "Paramètres", bonyeza alama ya kutafuta iliyo juu, uandike neno hilo.

Kwanza uelewe barua inavyofika

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuchota: simu inaamka kila baada ya dakika 15, au 30, au saa nzima, inaiuliza seva (kompyuta inayotunza barua zako) kama kuna kitu, halafu inarudi kulala. Barua iliyofika dakika moja baada ya swali inangoja swali linalofuata. Ya pili ni kusukuma: barua ikifika, seva yenyewe inapiga hodi kwenye simu yako. Unachotaka ni hiyo ya pili.

Watu huogopa kwamba kusukuma kunakula mega. Sivyo. Simu ya Android huacha njia moja nyembamba wazi kwenda Google, na programu nyingi hupitishia hodi zao humo. iPhone ina njia ya namna hiyohiyo kwenda Apple tangu 2009. Kwa barua za kawaida za IMAP (utaratibu ambao barua zinabaki kwenye seva na simu inazisoma humo) kuna amri iitwayo IDLE, iliyoandikwa mwaka 1997: programu inaiambia seva "nabaki hapa kwenye laini, kikija kitu niambie", na inarudia ombi hilo kabla dakika 29 hazijaisha ili laini isikatwe. Kushika laini namna hiyo ni kilobaiti chache. Kinachokula mega ni viambatisho, na hivyo tutavifungia mlango wake.

Hatua ya kwanza: mega zako ni za namna gani?

Naanza hapa kwa sababu hapa ndipo napata nusu ya majibu kabla hata sijagusa mipangilio.

Muulize mtu: umenunua kifurushi gani? Kuna vifurushi vya bei nafuu vya WhatsApp peke yake, au WhatsApp na Facebook. Ukiwa na hicho, WhatsApp itaingia siku nzima na barua pepe haitaingia hata moja, na utaapa kwamba mtandao uko sawa kwa sababu unauona unafanya kazi. Jaribu kufungua ukurasa wowote wa intaneti kwenye Chrome. Usipofunguka, acha kuilaumu barua, nunua kifurushi cha intaneti ya kawaida, hata kidogo.

La pili ni desturi yetu ya kuzima mega. Mtu anawasha data, anasoma, anazima, ili zifike jioni. Data ikizimwa, hakuna hodi itakayosikika, hilo halina dawa. Lakini kuna namna ya kubana bila kuzima. Ingia "Paramètres", kisha "Réseau et Internet", kisha "Économiseur de données". Iwashe. Sasa programu zote zimezuiwa kutumia mega usipozitazama: video hazitajishusha zenyewe na picha hazitajipakia. Halafu palepale fungua orodha ya programu zinazoruhusiwa kutumia data bila kizuizi, uiwashe programu ya barua, na WhatsApp ukipenda. Basi. Data inabaki imewashwa mchana kutwa, mlango uko wazi kwa wawili tu. Kifaa hiki kimo kwenye Android tangu toleo la 7 la mwaka 2016, kwa hiyo hata simu ya mtumba inacho.

Kama unawasha kizuizi hiki bila kuiruhusu programu ya barua, umejifungia mwenyewe. Simu ya yaya ilikuwa hivyo hasa.

Ndani ya Gmail kuna sehemu ya viambatisho pia: hakikisha vinajishusha kwenye Wi-Fi peke yake. Hodi itaingia, maandishi utayasoma, na ile PDF ya megabaiti nane itangoja uiguse.

Hatua ya pili: akaunti na programu zipatane

Anwani ikiwa ya Gmail na simu ni Android, tumia programu ya Gmail yenyewe. Fungua mistari mitatu iliyo juu kushoto, shuka hadi "Paramètres", gusa jina la akaunti yako. Tazama mambo matatu. "Synchroniser Gmail" iwe na tiki. Nimeikuta bila tiki mara nyingi, hasa kwenye simu iliyobadilisha mikono. Arifa ziwe za barua zote, zisiwe za zile tu ambazo Google inaona ni muhimu. Halafu ingia "Gérer les libellés", chagua kikasha chako, na uweke simu ikuarifu kwa kila barua. Usipoweka hilo, barua ya kwanza italia, na zinazofuata zinaweza kuingia kimya mpaka ufungue programu.

Kikasha kimegawanywa katika vichupo? Basi barua za maduka na matangazo ziache zinyamaze. Arifa ya papo hapo ina thamani ikiwa inalia kwa jambo la kweli. Simu inayolia mara arobaini kwa siku kwa ajili ya matangazo, mwenyewe ataizima sauti ndani ya wiki moja, na utakuwa umerudi ulikotoka.

Anwani ya Outlook au Hotmail, weka programu ya Outlook. Ya Yahoo, weka ya Yahoo. Programu ya mwenye nyumba ndiyo inayojua mlango. Na kama una programu ya zamani ya barua inayokataa nenosiri lako la Gmail ilhali ni sahihi, ujue kwamba tangu 2022 Google haikubali nenosiri tupu kutoka kwa programu za namna hiyo. Badilisha programu, hiyo ndiyo njia fupi.

Anwani ya kampuni, ile yenye jina la kampuni baada ya @, inastahili maelezo zaidi kwa sababu hapa ndipo mawakala, wahasibu na watu wa migodini wanapokwama. Wengi huiingiza ndani ya Gmail, wanaona barua zinasomeka, wanaridhika. Lakini Gmail ikishika anwani ya IMAP ya nje, haisukumiwi: inachota, na muda mfupi kabisa inaokupa ni dakika 15. Hiyo ndiyo sababu barua ya Gmail inalia na ya kampuni inachelewa kwenye simu hiyohiyo, ndani ya programu hiyohiyo.

Dawa ni kutumia programu inayojua IDLE. Ninayoweka mimi ni Thunderbird ya Android, iliyotoka Oktoba 2024 na kujengwa juu ya K-9 Mail iliyojulikana kwa miaka mingi. Ni ya bure. Utaandika anwani nzima na nenosiri. Isipojitafutia seva yenyewe, mwombe aliyewatengenezea tovuti jina la seva, kisha ujaze hivi: kupokea ni IMAP, mlango (Port) 993, usalama SSL/TLS, kutuma ni SMTP, mlango 465 kwa SSL/TLS, au 587 kwa STARTTLS. Jina la mtumiaji kwa kawaida ni anwani yenyewe kamili, siyo kipande cha kabla ya @. Wengi hukosea hapo, wakafikiri nenosiri limeharibika.

Ukikuta anwani imewekwa kama POP (utaratibu wa zamani wa kushusha barua kwenye simu), ifute kwenye simu uiweke upya kama IMAP. POP haijui kusukuma hata kidogo. Lakini kabla ya kufuta, hakikisha barua za zamani bado ziko kwenye seva. Kuna POP zilizopangwa kuzitoa kwenye seva zikishashuka, na hapo nakala pekee iko ndani ya simu unayotaka kuifuta.

Baada ya hapo, ingia kwenye mipangilio ya folda, uwashe kusukuma kwa kikasha tu. Folda nyingine ziache zichotwe kila saa. Utaona arifa ndogo ya kudumu juu ya skrini inayosema programu inasubiri barua. Usiichukie. Huyo ndiye mlinzi. Ukimwondoa, hakuna wa kufungua mlango. Programu ikikuomba ruhusa ya kuweka kengele, ikubalie, ndiyo inayotumia kuamka na kurudia ombi lake kwa seva.

Watu wengine huelekeza barua zote za kampuni ziende Gmail yao, kwa sababu Gmail inasukuma. Inafanya kazi vizuri, lakini uliza kazini kwanza. Ankara na mikataba ya mteja si mali yako ya kuihamisha.

Hatua ya tatu: betri

Tangu Android 6 ya mwaka 2015, simu iliyolala mezani bila chaja na skrini ikiwa imezimwa huingia usingizi mzito. Inaacha kuongea na mtandao, inaamka kwa vipindi, na vipindi vinazidi kurefuka. Hodi za Google zinaweza kupenya usingizi huo, lakini programu iliyofungiwa na betri inasikia kwa shida au haisikii kabisa.

Shika alama ya programu ya barua kwa kidole mpaka itoe menyu, gusa herufi i, kisha "Batterie", kisha chagua "Sans restriction". Fanya hivyo kwa programu ya barua tu. Nimeona watu wameziachia programu zote, halafu wanarudi wakilia kwamba betri inaisha saa 8 mchana.

Kwenye Tecno, Itel na Infinix, ambazo ndizo zimejaa madukani kwetu, kuna safu ya pili. Zina programu yao ya usafi iitwayo Phone Master, ambayo hufunga programu zilizo nyuma ya skrini na ina orodha yake ya programu zinazoruhusiwa kujiwasha zenyewe. Ingia humo, tafuta "Démarrage automatique", uiwashe programu ya barua. Kisha bonyeza kile kitufe cha kuonyesha programu zilizofunguliwa, uishike ya barua, uifunge kwa alama ya kufuli kama ipo. Bila kufuli hiyo, kila unapogusa kitufe cha kusafisha, programu ya barua inafagiwa pamoja na takataka. Na watu wetu wanapenda kusafisha! Nimemtazama yaya akipiga stori: kidole kinafagia chenyewe kila baada ya dakika kumi, hata hatazami.

"Économiseur de batterie" nayo uizime mchana kama unangoja barua. Najua umeme ukikatwa tangu asubuhi mtu anabana kila asilimia. Basi punguza mwanga wa skrini kwanza, maana skrini inakula kuliko hodi zote za siku.

Arifa zenyewe

Hili ni fupi. Tangu Android 13 ya mwaka 2022, programu mpya lazima iombe ruhusa ya kutoa arifa, na aliyegusa "Ne pas autoriser" kwa haraka hatasikia kitu. Rudi kwenye ile herufi i, fungua "Notifications", uwashe. Uchague na mlio tofauti na wa WhatsApp, ili usikie ukiwa sokoni bila kutoa simu mfukoni. Kisha uangalie "Ne pas déranger" isiwe imewekwa ijiwashe yenyewe kila asubuhi ya ibada, ikabaki hadi Jumatatu.

Kwa wenye iPhone

Ingia "Réglages", "Apps", "Mail", "Comptes Mail", halafu "Nouvelles données". Kwenye matoleo ya zamani Mail iko moja kwa moja ndani ya "Réglages". Washa "Push" kule juu, kisha utazame kila akaunti iko kwenye nini. iCloud na Outlook zinasukuma. Gmail haimo: tangu tarehe 30 Januari 2013 Google ilifunga njia ya Exchange, iliyokuwa ikisukuma Gmail humo, kwa akaunti mpya za bure, na ndani ya Mail ya Apple Gmail inachotwa tu. Ukitaka Gmail ya papo hapo kwenye iPhone, weka programu ya Gmail kutoka App Store, uikubalie arifa. Hakuna ujanja mwingine.

Chini ya ukurasa huo kuna mtego. Muda wa kuchota ukiwa "Automatiquement", iPhone huchota nyuma ya pazia pale tu inapokuwa kwenye chaja na kwenye Wi-Fi kwa pamoja. Jiulize ni saa ngapi kwa siku simu yako iko hivyo, hapa Lubumbashi. Wengi wetu, hata dakika moja. Weka dakika 15. Na "Mode économie d'énergie" ikiwaka, betri inageuka njano na kuchota kunasimama.

Jaribio

Usiamini mipangilio, amini jaribio. Mwombe mtu mwingine akutumie barua kutoka anwani nyingine, siyo ile iliyo kwenye simu yako. Funga skrini, chomoa chaja, weka simu mezani, usiiguse. Ya kwanza atume baada ya dakika mbili. Hiyo karibu kila simu inashinda. Ya pili atume baada ya saa nzima, simu ikiwa haijaguswa, na hapo ndipo ukweli unapojulikana. Ya tatu atume alfajiri kabla hujaamka. Kisha linganisha saa ya arifa na saa aliyotuma.

Kama mtumaji yuko Kinshasa, kumbuka saa yetu iko mbele kwa moja. Akikuambia kwa simu kwamba ametuma saa 3:10, kwako ni saa 4:10. Nilipoteza mchana mzima nikitafuta ucheleweshaji wa saa moja ambao haukuwepo. Saa ya simu na iwe ya kujirekebisha yenyewe kutoka mtandao. Tarehe ikiwa imekosewa kwa siku kadhaa, seva inaweza kukataa kuongea na simu kabisa.

Yote yako sawa na bado haiingii? Tazama nafasi. Google inatoa gigabaiti 15 za bure kwa barua, picha na Drive kwa pamoja, na zikijaa barua hazipokelewi. Picha za harusi ya mwaka juzi zinaweza kuzuia barua ya kazi. Tazama folda ya "Spam", maana humo barua inaingia bila kulia. Na mtu akikuandikia kwa mara ya kwanza, kuna seva zinazomrudisha kwanza na kumngoja ajaribu tena, ili kupima kama ni mtumaji wa kweli. Dakika kadhaa hupotea hapo, na simu yako haina kosa.

Umeme ukikosekana usiku na simu ikazimika, asubuhi ukiiwasha lazima uandike namba ya siri mara moja ndipo programu za barua ziamke. Kuiwasha na kuirudisha mfukoni haitoshi.

Na kwa wanaofanya kazi ya yaya: Kasumbalesa simu inaweza kunasa mtandao wa Zambia bila kukuuliza, na data inasimama ukiwa bado upande wetu. Usiwashe "Itinérance" (kutumia mega kwenye mtandao wa nje) ili kuponya hilo, bei yake ni kali. Ingia kwenye mipangilio ya mtandao wa simu, ondoa uchaguzi wa "Automatique", chagua mtandao wako wa Kongo kwa mkono, ungoje kidogo ujishike. Ukirudi mjini, rudisha kwenye "Automatique".